Rumford: mtu aliyebana koo la dohani

Jiko la kuni likikarabatiwa kisha moshi ukarudi ndani, wengi humwambia fundi apanue dohani. Benjamin Thompson alifanya kinyume. Alizaliwa mwaka 1753 Woburn, Massachusetts, akawaunga mkono Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, na mwishowe akahamia Ulaya. Huko Bavaria alipewa cheo cha Count Rumford, akasimamia majiko ya kulishia maskini wa Munich. Kuni zilikuwa gharama, naye alizihesabu.

Aliporudi London mwaka 1795 alikuta meko ya majumbani yana koo pana mno. Hewa baridi ya chumbani ilivutwa kwa wingi, ikaupoza moshi, nao ukakosa nguvu ya kupanda. Rumford aliusogeza mbele ukuta wa nyuma, akalibana koo hadi kama inchi 4, akazilaza kuta za pembeni zirudishe joto chumbani. Matofali machache tu na udongo! Mwaka 1796 alichapisha maelezo ya kazi hiyo, wala hakujiwekea haki ya kuiuza peke yake; mfanyabiashara angemcheka.

Nyumbani hakuwa mtu rahisi, hata ndoa yake ya pili ilivunjika. Alifariki mwaka 1814 Auteuil, karibu na Paris.