Raj Kapoor

Raj Kapoor (14 Desemba 1924 – 2 Juni 1988) alikuwa mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu kutoka Uhindi. Anakumbukwa hasa kwa kumwiga Charlie Chaplin kwa namna iliyozaa mhusika mpya, Raju, aliyependwa hata Afrika Mashariki.

Maisha ya awali

Alizaliwa Peshawar, mji ambao leo uko Pakistan. Baba yake, Prithviraj Kapoor, alikuwa mwigizaji maarufu. Hata hivyo Raj alianzia chini: alikuwa msaidizi wa mwongozaji Kidar Sharma, akishika kibao cha kuhesabia picha. Sharma ndiye aliyempa nafasi kubwa ya kwanza, katika Neel Kamal (1947). Mwaka 1948 alianzisha kampuni yake, R.K. Films, na kuongoza filamu ya Aag.

Kumwiga Chaplin

Katika Awaara (1951) na Shree 420 (1955) alivaa suruali fupi, viatu vilivyochakaa na kofia, akatembea kama yule mzururaji wa Chaplin. Lakini mzururaji wa Chaplin alijulikana kwa ukimya, ilhali Raju aliimba. Sauti yenyewe haikuwa ya Kapoor bali ya mwimbaji Mukesh. Kazi ya Kapoor ilikuwa kuoanisha midomo, macho na mwendo na sauti hiyo, hata watazamaji wakaamini ni yake. Mukesh alipofariki mwaka 1976, Kapoor alihesabu kwamba amepoteza sauti yake.

Afrika Mashariki

Filamu zake zilipendwa sana Zanzibar na Dar es Salaam. Katikati ya jiji la Dar es Salaam, si mbali na Kivukoni, kulikuwa na majumba ya sinema kama Empire, Avalon na Odeon, na Jumapili familia nzima zilikwenda kutazama filamu za Kihindi. Wengi hawakujua lugha hiyo, lakini kisa cha Awaara walikielewa. Hakimu anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kumbe kijana anayeshtakiwa, aliyelelewa katika wizi, ni mwanawe mwenyewe. Ni hoja ileile ya methali kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na filamu inaipinga.

Vijana waliiga mavazi na nywele za waigizaji wa Kihindi na kuziimba nyimbo zao. Waimbaji wa taarabu nao walitia maneno ya Kiswahili katika tuni za filamu hizo. Aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Juma Bhalo wa Mombasa. Hivyo mtu aliyemwiga Chaplin akawa naye mtu wa kuigwa.

Miaka ya mwisho

Mera Naam Joker (1970), filamu ndefu kuhusu mchekeshaji wa sarakasi anayeficha huzuni yake, ilimletea hasara kubwa. Alijikwamua kwa Bobby (1973), iliyoigizwa na mwanawe Rishi.

Mwezi Mei 1988 alikwenda Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, tuzo ya juu kabisa ya filamu Uhindi. Alizidiwa na pumu palepale kwenye sherehe, akafariki hospitalini mwezi mmoja baadaye, akiwa na umri wa miaka 63.