John Dalton na Mizani ya Atomi

Mchoma chokaa wa pwani ya kusini ya Kenya, awe wa Jego au wa Msambweni, anajua kuwa chokaa itokayo tanurini ni nyepesi kuliko mawe ya matumbawe yaliyoingia. Mawe safi ya kilo 100 huacha kilo 56 tu. Kilo 44 zilizobaki hazikupotea, zimepaa zikiwa gesi. Kwamba jumla haibadiliki ni jambo alilolisisitiza Mfaransa Lavoisier katika kitabu chake cha mwaka 1789, miaka mitano kabla ya kukatwa kichwa. Sababu yake ilikuja kuelezwa na mwana wa mfuma nguo.

John Dalton alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa wa madhehebu ya Marafiki, yale yale yenye waumini wengi Kakamega na Vihiga. Akiwa na umri wa miaka 12 alikwisha kuwa mwalimu. Mwaka 1793 alihamia Manchester, na kuanzia 1787 hadi kufa kwake aliandika hali ya hewa kila siku. Hewa ndiyo iliyomfikisha kwenye atomi.

Mwaka 1803 aliandaa orodha ya kwanza ya uzito wa atomi, na mwaka 1808 akatoa kitabu. Alishikilia kuwa atomi za elementi moja zina uzito mmoja, hazizaliwi wala hazifi; katika badiliko la kikemia huachana na kuungana tu. Basi zilizoingia tanurini ndizo zilizotoka, na uzito hauna pa kwenda.

Hata hivyo, mizani hiyo pekee haithibitishi atomi: maada inayogawanyika bila kikomo nayo ingeweza kutunza uzito wake. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya uwiano. Kaboni ile ile huungana na oksijeni katika gesi mbili, na oksijeni ya moja ni maradufu kamili ya nyingine. Kitu kinachohesabika ndicho kiendacho hivyo.

Dalton alikosea kuhusu maji, akidhani ni atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni. Gay-Lussac alipoonyesha kwa ujazo wa gesi kwamba haidrojeni ni maradufu, Dalton alikataa vipimo hivyo, na ukaidi huo ulichangia kuwachelewesha wanakemia kwa miongo kadhaa.

Alifariki mwaka 1844. Karatasi zake nyingi ziliteketea Manchester iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1940.