Misiani: Mchezaji gitaa aliyeificha siasa katika ngano za wanyama

Daniel Owino Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, upande wa Tanganyika. Maji ya Ziwa Victoria yanayofika huko ndiyo yanayozunguka kisiwa cha Remba, ambako wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania huishi wamebanana. Kwa watu wa ziwa hilo mpaka ni mstari wa ramani tu. Kwa Misiani, ulikuja kugeuzwa rungu.

Wazazi wake, watu wa dini, hawakuupenda muziki wa dunia. Kijana hakuliachia gitaa, na katika miaka ya 1960 alivuka kuja Kenya, akaunda bendi ambayo hatimaye ilijulikana kama Shirati Jazz.

Udadisi wake ulianzia kwenye nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8. Mpigaji wake hudonoa nyuzi kwa vidole huku akigonga ala hiyo kwa pete ya chuma iliyovikwa kidole gumba cha mguu. Je, gitaa la nyuzi 6 laweza kusema hivyo? Misiani alidonoa noti moja moja badala ya kupiga nyuzi zote pamoja, na gitaa la besi likapewa kazi ya kukimbiza mdundo. Wanaomwita baba wa benga wamezidisha kidogo, maana kina George Ramogi walikuwemo katika safu hiyo. Hata hivyo, ni wachache walioucheza mtindo huo kwa utundu kama wake.

Utundu huo aliuhamishia katika maneno. Viongozi waliingia katika nyimbo zake wakiwa wanyama au watu wa Biblia, na msikilizaji akaachiwa kitendawili akitegue mwenyewe. Mashabiki walimwita Mfalme wa Historia. Serikali nazo zilijua kutegua: alitiwa ndani zaidi ya mara moja, na kwa kuwa alizaliwa ng'ambo, akafukuzwa nchini. Kila mara alirudi.

Hakuacha mchezo wake uzeeni. Baada ya uchaguzi wa 2002 kuleta utawala mpya Kenya, alitoa Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, na hapakuhitajika mkalimani.

Alifariki Mei 17, 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu.