SAYYIDNA UMAR NA FUNGU LA MTOTO MCHANGA

Wengi wetu tukitajiwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, hukumbuka ushujaa wake, ukali wake katika haki na nchi zilizofunguliwa katika zama zake. Ni wachache wakumbukao kuwa yeye ndiye aliyemwandikia mtoto mchanga fungu lake katika hazina ya umma. Tumependa kuyaeleza maisha yake kwa upande huu, kwani mna jambo ambalo sisi tumelisahau na wengine wamelishika.

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adiyy, kiasi cha miaka 13 baada ya Mwaka wa Ndovu. Baba yake alikuwa mtu mgumu, na Umar utotoni mwake alimchungia ngamia kwa taabu nyingi. Mashaka hayo hakuyasahau hata alipokuwa mkubwa wa Waislamu. Alisilimu katika mwaka wa 6 wa Utume, akahamia Madina, na binti yake Hafsa akaolewa na Mtume, rehema na amani zimshukie. Mwaka 13 Hijria (634), alipofariki Sayyidna Abubakar, alishika ukhalifa, akakaa nao miaka 10 na kitu.

Mali ilipozidi kuja Madina kutoka Sham na Iraki, Sayyidna Umar aliwashauri masahaba, akaanzisha Diwani, yaani daftari la majina ya watu na mafungu yao. Kazi ya kuandika aliwapa watu watatu wajuao nasaba: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Hakukubali ukoo wake utangulizwe, bali aliamrisha waanze na jamaa za Mtume, na Bani Adiyy wakae pale nasaba yao iwawekapo. Hata mwanawe Abdullah alimwandikia pungufu ya Usama bin Zayd, kwa kuwa Usama na baba yake walipendwa zaidi na Mtume.

Katika kanuni za kwanza, mtoto hakuandikiwa kitu mpaka aachishwe ziwa. Kwa dhahiri kanuni hii haikuwa na ubaya, kwani anyonyaye chakula chake ni kwa mama yake. Ubaya wake ulionekana usiku mmoja, ulipofika Madina msafara wa wafanya biashara, wakatua uwanjani. Sayyidna Umar alimwita Abdurrahman bin Awf wakawalinde wageni wale wasiibiwe. Walipokuwa wakilinda na kusali, alisikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamtaka amche Mungu na amtazame mwanawe. Akarudi mahali pake, kilio kikaanza tena. Akamwendea mara ya pili. Mwisho wa usiku alimwendea mara ya tatu, akamlaumu kuwa ni mama mbaya, mwanawe hatulii usiku kucha. Yule mwanamke, asijue asemaye naye ni nani, alimjibu kuwa anamlazimisha mtoto kuacha ziwa naye hataki. Na sababu yake ni kuwa Umar hawaandikii ila walioachishwa. Alipoulizwa umri wa mtoto, alitaja miezi tu.

Asubuhi Sayyidna Umar aliwasalisha watu, na kisomo chake hakikubainika kwa wingi wa kulia. Alipotoa salamu aliilaumu nafsi yake mbele ya watu wote, akihofu ni watoto wangapi wa Waislamu waliokufa kwa kanuni yake. Kisha akaamrisha mbiu ipigwe kuwa watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kwani kila azaliwaye katika Uislamu ataandikiwa fungu lake. Akaandika vivyo hivyo kwa maliwali wake katika miji yote.

Wapokezi wa tarehe wamesema kuwa mtoto alipozaliwa aliandikiwa dirhamu 100, akikua zikawa 200, na akibaleghe akazidishiwa. Mtoto wa kuokotwa naye hakuachwa: aliandikiwa 100 vilevile, mlezi wake akapewa posho kila mwezi, na gharama ya kunyonyeshwa ikatoka Baitul-Mali. Na wake ambao waume zao walikuwa vitani, Sayyidna Umar alikuwa akiwapitia milangoni mwao, akiwauliza haja zao za sokoni.

Wako watakaosema kuwa yeye alikuwa na mali ya Iraki na Misri, nasi tuna nini? Twajibu kuwa mwaka 18 Hijria, mwaka wa ukame uitwao Mwaka wa Majivu, mali ilipungua, lakini yeye hakuwaacha watu. Aliandika Sham na Iraki kutaka chakula, akawalisha waliokimbilia Madina, na mwenyewe akajinyima samli na nyama mpaka rangi yake ikageuka. Alipochomwa kisu katika sala ya alfajiri, mwishoni mwa mwaka 23 (644), aliacha deni la kiasi cha dirhamu 86,000, akamwusia mwanawe alilipe katika mali ya jamaa zake. Hazina yote ilikuwa mikononi mwake, naye akafa mdeni.

Basi ndugu zetu, tuzingatie. Uingereza ilitunga sheria ya posho ya watoto mwaka 1945, na mtoto wa kwanza hakutiwa humo. Kenya ilianza mwaka 2004 kutoa fedha kwa jamaa waleao mayatima, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya chakula, makao na matibabu. Hayo ni mema. Lakini haki yataka jina liandikwe, na wangapi miongoni mwetu huzaa wala wasiende kutaka cheti cha mtoto, kisha wakalia kuwa wamenyimwa?

Na ya kwetu wenyewe je? Kila Ramadhani twaona wajane na watoto wamejipanga juani milangoni mwa matajiri, wakingoja visenti vya zaka visivyofika Idi. Sayyidna Umar hakumngoja mwenye haja aje mlangoni pake, alimwandika, akampelekea. Daftari moja la mtaa, lenye majina ya mayatima, wajane na wanyonyeshao wasio na mtu, halitaki hazina ya Misri. Lataka waaminifu watatu wawajuao watu wao, kama wale watatu wa Madina. Na mama anayemwachisha mwanawe ziwa kabla ya wakati ili akimbilie kibarua, tusimlaumu kabla hatujajiuliza ni nani aliyemlazimisha.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kufuata mwendo wa waja wake wema, na atupe macho ya kuwaona wadogo wetu. Amin.