Higuchi Ichiyo na Mzigo wa Jina la Ukoo

Jina la ukoo la Higuchi limeundwa kwa maneno mawili ya Kijapani: hi, yaani mfereji wa kupitishia maji, na kuchi, yaani kinywa, ambalo katika muungano huo sauti yake ya kwanza hugeuka kuwa g. Higuchi, basi, ni kinywa cha mfereji. Miongoni mwa waliolibeba ni shujaa wa vita Higuchi Kanemitsu, aliyeuawa mwaka 1184. Hata hivyo, aliyelipa umaarufu mkubwa zaidi ni mwandishi wa kike, Higuchi Ichiyo.

Ichiyo alizaliwa jijini Tokyo mwaka 1872, akaitwa Natsu. Babake, Noriyoshi, alikuwa mwana wa mkulima aliyejinyima miaka mingi hata akanunua daraja la samurai mwaka 1867. Mwaka uliofuata utawala wa shogun ulianguka, na baada ya muda mfupi daraja hilo likakosa thamani. Mnamo 1875 serikali ikaamuru kila raia awe na jina la ukoo. Fahari aliyoigharamia Noriyoshi ikawa ya kila mtu.

Natsu aliondolewa shuleni akiwa na miaka 11, kwa kuwa mamake hakuona haja ya msichana kuendelea na masomo. Babake ndiye aliyemwingiza katika chuo cha ushairi mwaka 1886. Kakake mkubwa alifariki mwaka 1887. Babake akafuata mwaka 1889, biashara yake ikiwa imefilisika. Binti wa miaka 17 akawa mkuu wa kaya. Kama mrithi wa jina la Higuchi, hakuweza kuolewa kwa urahisi katika ukoo mwingine. Yeye, mamake na mdogo wake Kuniko walijikimu kwa kushona na kufua nguo. Mwaka 1893 walifungua duka dogo karibu na Yoshiwara, mtaa wa makahaba, lakini halikudumu mwaka.

Lakabu ya Ichiyo, maana yake jani moja, alijichagulia mwenyewe. Inasimuliwa kwamba aliihusisha na mtawa Daruma, aliyevuka mto juu ya jani la tete na ambaye sanamu zake hazina miguu. Katika Kijapani, neno oashi humaanisha miguu na pia fedha. Yeye naye hakuwa nazo.

Kuanzia Desemba 1894 aliandika kwa kasi hadithi zake bora, ikiwemo Takekurabe, inayohusu watoto wanaokua kando ya Yoshiwara, ile mitaa aliyoijua akiwa muuza duka. Kifua kikuu kilimuua Novemba 1896, akiwa na miaka 24. Hakuwa ameolewa wala kupata mtoto wa kurithi jina. Kuniko ndiye aliyezihifadhi hati na shajara zake.

Mwaka 2004 Japani iliiweka picha ya Ichiyo kwenye noti ya yeni 5,000, na ikabaki katika matoleo yake hadi noti mpya zilipotolewa mwaka 2024. Kwa miaka 20, sura ya mwanamke aliyeishi kwa mikopo ilipita mikononi mwa wanunuzi na wauza duka.