Daktari aliyehesabu tezi za utumbo

Ndugu msomaji, kama wewe au mzazi wako amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana hapa Moshi, mwombe daktari akuonyeshe majibu ya maabara ya patholojia. Humo huandikwa namba kama 0/14 au 3/16. Wengi huikunja karatasi hiyo na kuirudisha kwenye bahasha. Leo nakusimulia habari za mtu aliyefanya namba hiyo iwe na maana.

Anaitwa Cuthbert Dukes, alizaliwa Uingereza mwaka 1890, mtoto wa mchungaji. Nduguye Paul alikuwa jasusi aliyevuma kwa kujibadilisha sura huko Urusi, na mwingine, Ashley, aliandika tamthilia. Cuthbert alichagua kazi isiyopigiwa makofi. Alisomea udaktari Edinburgh, akatumikia jeshi kama daktari katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1922 akaanza kazi ya patholojia katika Hospitali ya St Mark's, London, inayojulikana kwa magonjwa ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa.

Swali lililomsumbua hata wewe ungeliuliza. Wagonjwa wawili wamekatwa uvimbe wa ukubwa uleule. Kwa nini mmoja anapona na mwenzake anarudiwa na ugonjwa? Dukes alichukua vipande vilivyokatwa, akapekua mafuta yaliyoshikamana na utumbo, akatoa tezi za limfu moja moja, akazitazama kwa hadubini na kuchora zilipokuwa. Tezi hizi ni jamaa ya mitoki inayovimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni. Kazi yake ni kuchuja, na seli za saratani zikihama utumboni mara nyingi hunaswa humo kwanza.

Mwaka 1932 akachapisha makundi yake. A, saratani haijavuka ukuta wa utumbo. B, imevuka lakini tezi ni safi. C, imeingia kwenye tezi. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake wakaligawa kundi C kwa kutazama kama tezi ya juu kabisa imeguswa. Siku hizi hospitali hutumia zaidi herufi T, N na M, ambapo N ni tezi: 1 hadi 3 zenye saratani ni N1, 4 na kuendelea ni N2.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. 0/14 maana yake tezi 14 zimepimwa, hakuna yenye saratani. Lakini 0/4 si habari njema ya kiwango kilekile! Tezi nyingine hazizidi punje ya ulezi na zimejificha ndani ya mafuta; yenye ugonjwa inaweza kuwa imesahaulika. Ndiyo maana hutakiwa zipimwe zisizopungua 12, ingawa aliyepigwa mionzi kabla ya upasuaji huweza kuwa na chache. Tezi zikiwa na saratani, kwa kawaida mgonjwa hushauriwa dawa za saratani baada ya upasuaji. Zikipimwa chache mno, daktari huweza kuzifikiria dawa hizo hata kama zote ni safi.

Kwa hiyo uliza zilipimwa ngapi. Kama ulipasuliwa huko juu mlimani, Rombo, Machame au Kibosho, kisha kipande kikateremshwa Moshi, uliza kama kilishushwa chote, kikiwa ndani ya fomalini. Kikiwa bado kimehifadhiwa, tezi zaidi zinaweza kutafutwa. Kuuliza hivyo si kumkosea daktari adabu.

Wazazi, Dukes ana jambo lenu pia. Pamoja na daktari wa upasuaji Lockhart-Mummery alianza daftari la familia ambazo utumbo mpana huota vinyama mamia kwa mamia, na ambavyo visipotibiwa huishia kuwa saratani. Mzazi mwenye hali hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na uchunguzi huanza anapokaribia kubalehe. Usingoje aone damu chooni.

Dukes alifariki mwaka 1977, akiwa na miaka 86. Daftari liliendelea kutunzwa na Bussey, aliyeingia maabara yake akiwa kijana wa miaka 17.