Laennec na Mrija wa Kusikilizia Moyo

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, tabibu René Laennec alikutana na mgonjwa mwanamke mwenye dalili za maradhi ya moyo. Desturi ya siku hizo tabibu alilaza sikio juu ya kifua. Laennec aliona haya, kwani mwanamke alikuwa kijana, tena mnene. Akakunja karatasi zikawa mrija, ncha moja akaiweka kifuani na ya pili sikioni, na mapigo akayasikia wazi kuliko kwa sikio tupu. Sisi wa pwani, tuliolelewa kwa stara, hatustaajabu kuwa elimu kubwa ilizaliwa na haya.

Bwana huyu alizaliwa Quimper, Ufaransa, mwaka 1781. Mamaye alifariki yeye angali mdogo, akaja kulelewa na ami yake aliyekuwa tabibu mjini Nantes. Alipenda kupiga filimbi, na mikono yake ilikuwa ya fundi: mrija wa mbao uliofuatia ule wa karatasi aliukereza mwenyewe. Alisikiliza vifua miaka mitatu, na mgonjwa alipokufa aliichunguza maiti ajue kilichokuwa kikilia. Kitabu chake kikatoka mwaka 1819. Sauti ya ziada ya moyo aliifananisha na mivukuto ya mhunzi, ila chanzo chake hakukipatia: alidhani ni mkazo wa misuli, kumbe ni damu ipitayo kwa msukosuko, pengine kwenye valvu iliyobana au isiyofunga sawasawa.

Sauti hiyo ndiyo iliyomliza jirani yangu hapa Mwiki, upande wa Ruiru. Mwanawe aliambiwa ana sauti ya daraja la tatu, naye akafahamu kuwa kaburi li karibu. Nilimweleza kuwa madaraja hayo sita aliyaweka Samuel Levine wa Boston mwaka 1933, nayo hupima ukubwa wa sauti, si ukubwa wa hatari. La kwanza halisikiki mpaka utulie sana. La nne mkono hupata mtetemo kifuani. La sita husikika hata chombo kikiinuliwa kidogo. Watoto wengi wazima wana sauti hafifu isiyo na ubaya. Lakini koo lisilotibiwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi ikaharibu valvu, basi nilimsihi ampeleke mtoto kupigwa picha ya moyo.

Laennec mwenyewe alishikwa na kifua kikuu, maradhi aliyoyajua mno. Jamaa yake, tabibu Mériadec, ndiye aliyemsikiliza kwa mrija uleule. Alifariki tarehe 13 Agosti 1826, umri miaka 45, na katika wasia wake mrija akamwachia Mériadec.